mrabaha

nm. [u-/i-] wingi: mirabaha

Asili: Kiarabu, kutokana na neno lenye maana ya faida.

Maana: 1. Malipo ambayo mchimbaji wa madini, mafuta au gesi humlipa mwenye rasilimali, aghalabu serikali, kulingana na kiasi au thamani ya kilichochimbwa. 2. Malipo apewayo mtunzi kazi yake inapouzwa au kutumiwa.

Matumizi: Nchini Tanzania mrabaha wa gesi ni wa Serikali Kuu. Halmashauri ya wilaya hukusanya ushuru wa huduma, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Mkazi wa kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ambako gesi husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, akiidai halmashauri “mrabaha” ili kuhifadhi mikoko, atajibiwa kwamba haupo, hata kama ushuru umelipwa. Mfasiri anayeyachanganya maneno haya humwelekeza msomaji kubisha hodi mlango usio wake.

Huko Gonja, wilayani Same, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, darasa lililojengwa kwa fedha za hifadhi nalo lisiitwe tunda la mrabaha. Msaada wa namna hiyo huitwa ujirani mwema, na jina lenyewe ladokeza hiari, si haki.

Linganisha: gawio (sehemu ya faida apewayo mwenye hisa), fidia (malipo ya hasara).