Discipline: Neno Lililotoka Kwenye Kufundwa



Neno hili la Kiingereza, discipline, wengi wetu tumelijua skuli, na mara nyingi lilifuatana na bakora. Ndiyo maana tukilisikia tunawaza adhabu. Tukilirudisha kwao, tunakuta halikuzaliwa hivyo.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi. Discere ni kujifunza, discipulus ni mwanafunzi, na disciplina ni mafunzo anayopewa. Warumi walilitumia pia kwa utaratibu wa jeshi, kwani askari naye hufunzwa. Mpaka leo vyuo vikuu huita fani ya elimu discipline.

Maana ya adhabu ilipata nguvu kwa watawa wa Kikristo wa Ulaya. Kujichapa kwa ajili ya toba kuliitwa hivyo, na mjeledi wenyewe ukapewa jina hilo. Kupitia Kifaransa, neno likaingia katika Kiingereza karne ya 13. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo yenye neno hili ni Ancrene Wisse, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wanawake watatu, ndugu wa damu, waliojitenga kwa ibada. Na humo waliambiwa wasijiadhibu kwa ukali bila ruhusa.

Kwetu nako yametokea hayo hayo. Nidhamu inatokana na Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutunga lulu kwenye uzi, kila moja mahali pake. Adabu ni tabia njema, lakini siku hizi "kumtia mtu adabu" ni kumchapa.

Biharusi naye hufundwa na somo wake. Kufunda na mwanafunzi ni shina moja, kwa hiyo mwari ni discipulus hasa: anakaa, anasikiliza, anauliza, anaelekezwa kwa siri na heshima.

Basi mume akisema atamtia mkewe nidhamu, au sisi tukimwinulia mtoto mkono, swali ni moja: tumemfunza nini kabla ya kumkasirikia? Wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hauna upole wa mama.

Allah atujaalie subira ya kufunza na ya kufunzwa. Amin.