Mboji yaoza, malisho ya Uholanzi yazidi kuzama

MALISHO ya ng'ombe wa maziwa magharibi mwa Uholanzi na katika mkoa wa Friesland yanazama polepole, na chanzo ni mitaro ile ile iliyowawezesha wakulima kuyapata.

Ardhi hiyo ilikuwa kinamasi. Kwa maelfu ya miaka mimea iliyokufa humo haikuoza sawasawa kwa kukosa hewa, ikarundikana na kuwa tabaka nene la mboji. Tangu yapata karne ya 11 wakazi walichimba mitaro ili wapate kulima na kufuga. Maji yalipoondoka hewa iliingia, na vijidudu vikaanza kuila mboji na kuigeuza kuwa gesi ya kaboni dioksidi. Ardhi hushuka, kwingi kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Ikishuka, maji ya mitaroni huteremshwa tena, na tabaka la chini nalo huanza kuoza. Hata nguzo za mbao zinazobeba nyumba kongwe huoza zikifikiwa na hewa.

Nyasi za kudumu ni afadhali kuliko shamba linalolimwa kila mwaka, kwa kuwa plau huupindua udongo na kuuongezea hewa. Lakini anayedhani kwamba mizizi na samadi hufidia hasara hiyo anajidanganya. Nyasi nyingi hukatwa kuwa lishe, na kinachorudi ardhini ni kidogo kuliko kinachooza.

Kinachoamua hasa ni kina cha maji. Kwa mujibu wa viwango vya mwaka 2013 vya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, malisho yenye rutuba katika nchi zisizo na joto wala baridi kali hupoteza tani 6.1 za kaboni kwa hekta kila mwaka ikiwa maji yako zaidi ya sentimita 30 chini ya ardhi. Yakiwa karibu zaidi, hasara ni tani 3.6. Shamba la mazao hupoteza tani 7.9.

Mbona basi maji hayapandishwi? Ardhi iliyolowa haibebi trekta, ng'ombe huivuruga ikawa tope, na ukataji wa kwanza wa nyasi huchelewa. Tena ikifurika kabisa hutoa methani. Baadhi ya wakulima wametandika chini ya malisho mabomba yenye matundu, yanayorudisha maji ya mitaro udongoni wakati wa kiangazi. Manufaa yake hutofautiana shamba hadi shamba. Wengine wamejaribu matete, ambayo hustahimili maji, ila soko lake halijafikia lile la maziwa.