Mtawanyiko wa nuru

mtawanyiko *nm* (ngeli ya U-I, wingi: *mitawanyiko*). Kutokana na kitenzi *tawanya*.

Maana. Hali ya nuru kuacha njia yake iliyonyooka na kwenda pande nyingi baada ya kukutana na chembe ndogo. Neno hili lisichanganywe na *kuakisi*, ambako uso laini kama kioo huirudisha nuru upande mmoja, wala *kupinda*, ambako nuru hubadili mwelekeo ipitapo kutoka hewani kuingia majini.

Mfano. *Maji yaliyotibuka hayapenyeki kwa macho kwa sababu ya mtawanyiko wa nuru.*

Maelezo. Maji mengi ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao wakati wa masika hubeba udongo mwingi. Chembe za mfinyanzi zikiwa majini huwa na chaji hasi. Kwa kuwa chaji za aina moja husukumana, chembe hazishikani, nazo huelea kwa siku nyingi zikitawanya nuru.

Hapo ndipo *shabu* huingia, jiwe jeupe linalouzwa Kariakoo. Likiyeyuka, alumini yake yenye chaji chanya huizima chaji ya mfinyanzi. Chembe hugusana, hushikana na kuwa *vishada*. Wanafizikia hurahisisha hesabu kwa kuzichukulia chembe kuwa tufe. Gustav Mie aliikokotoa tufe moja mwaka 1908. Chembe 10 zilizo mbalimbali hutawanya nuru mara 10 ya chembe moja. Zikiwa kishada kimoja ambacho bado ni kidogo kuliko urefu wa wimbi la nuru, hutawanya karibu mara 100, kwa kuwa mawimbi yao huungana. Ndiyo maana maji yaweza kuzidi ukungu kwanza, kisha vishada vikue, vizame, na maji yang'ae. Kwa hiyo kazi kubwa ya chaji hapa si kuigeuza nuru yenyewe, bali kuamua kama chembe zitatengana au zitashikana.

Kipimo cha utibukaji hutumia kanuni hiyohiyo: nuru hupitishwa katika sampuli, na ile inayotoka kwa pembe ya nyuzi 90 hupimwa.

Tanbihi ya matumizi. (1) *Shabu* si *shaba*: hii ya pili ni madini mekundu ya kutengenezea nyaya na sufuria. (2) Katika kauli *maji safi na salama*, maneno mawili hayarudii jambo moja. *Safi* ni sifa ambayo jicho laweza kuithibitisha, maana nuru hupita bila kutawanywa. *Salama* ni sifa isiyoonekana. Shabu huyafanya maji kuwa safi. Vijidudu vinavyotosha kuleta kipindupindu vyaweza kuwemo bila kutawanya nuru kiasi cha kuonekana. Mwandishi asiandike kuwa maji ni salama kwa kuwa yameng'aa. Hayo bado yanangoja kuchemshwa au kutiwa klorini.

Tazama pia: *akisi, chaji, kishada, tibua.*