Ndege Mbaya Juu ya Upare

Katika Kiswahili cha wazee wetu, ndege si kiumbe tu. Ni fali pia. Msafiri alikutana na ndege njema, au mbaya. Neno hilohilo ndilo tulilokipa chombo cha rubani, nami naona halikukosea njia.

Mei 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka Kilimanjaro, safu moja ikiandama reli ya Tanga, nyingine Mto Pangani, milima ya Upare ikiwa ubavuni. Von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa wakirudi nyuma. Waingereza walikuwa na kikosi cha anga cha 26, kilichofika Mombasa mwishoni mwa Januari kwa meli, na kupiga kambi Mbuyuni. Leo Walmsley, mtazamaji aliyeruka na marubani hao, alitoa kitabu mwaka 1920. Kisha akawa mtunzi wa riwaya.

Kazi yao ilikuwa kuona, na Upare ulikataa kuonekana. Pori la miiba baina ya milima na mto liliwafunika askari na mizinga yao. Kutoka juu ni zulia moja. Injini ikizima, rubani, kama amenusurika, hutembea. Homa nayo haikuwaacha. Na huko chini, chini kabisa, wapagazi walibeba hata petroli ya vita hivyo. Rubani ameandikwa kwa jina, wao kwa hesabu.

Mwisho wa Mei Waingereza waliingia Bwiko. Adui alikwisha kupita. Von Lettow alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.