Nyumba Isiyokosa Mtu

Atazamaye milango ya kale ya Unguja Mjini au ya Lamu, kwa mbao zake nzito zilizonakshiwa kwa patasi, aghalabu hustaajabia uzuri wa nje, asijiulize mlango ule ulikuwa ukifungwa na nani, wala kwa upande gani. Mlango huo una mabawa mawili, na mfaa ulioshikamana na bawa moja huziba mwanya ulio baina yao, hata ikawa ni lazima bawa lisilo na mfaa litangulie kufunguka. Kwa ndani huzuiwa kwa komeo au kwa pingo. Kwa nje kuna riza ya chuma na tumbuu yake, na hapo ndipo palipotiwa kufuli.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 ya kwamba kadiri lango lilivyokuwa kubwa na kufuli lilivyokuwa zito, ndivyo hadhi ya mwenye nyumba ilivyozidi. Aliona vema, lakini aliona akiwa njiani. Kwa waliokaa ndani, kilichotegemewa kila usiku ni pingo, na pingo haliondolewi ila na mtu aliyemo. Kwa hiyo bwana aliyechelewa kurudi baada ya tarawehe hakuwa na haja ya ufunguo, bali alipiga hodi, ikaitika sauti aijuayo, akafunguliwa. Nyumba ilikuwa na bibi, watoto, wazee, na katika nyumba za wakwasi bawabu na watumwa pia. Tusiisifu mno raha hiyo, maana baadhi ya waliokesha mlangoni hawakukesha kwa hiari yao, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897.

Tena mlango wa barabarani haukuwa njia pekee. Huko Lamu, na mahali pengine Unguja, nyumba mbili za jamaa ziliunganishwa juu ya kichochoro kwa wikio, na wanawake wakapita ghorofani kwenda kuamkiana bila kushuka chini. Aliyekuta kwake kumefungwa, na akawa na jamaa upande wa pili, aliingilia kwao. Hiyo, kwa rai yangu, ni hekima ya ujenzi ipitayo nakshi zote tuzisifuzo.

Mambo yaligeuka ilipoenea kazi ya mshahara, na mtu akawa na chumba kimoja cha kupanga, ambacho tangu alfajiri hadi magharibi hakina mtu. Vikaja na vitasa vya namna ile aliyoipatia hataza Linus Yale huko Marekani mwaka 1861, ambavyo baadhi yake vina ulimi wa chemchemi ujifungao wenyewe: upepo wa kusi ukiusukuma mlango, mwenyewe amesimama nje na kanga yake na ndoo, ufunguo umebaki mezani. Pingo halikuweza kumfanyia mtu hivyo hata mara moja. Wapangaji wa Dar es Salaam waliipata dawa upesi: ufunguo wa pili hupewa jirani wa chumba cha pili, naye huutundika msumarini nyuma ya mlango wake, pamoja na funguo za wengine.