Sentensi Iliyokatika: Historia ya Mgongo Usiopasuliwa

Mwaka 1862, huko Luxor nchini Misri, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo. Gombo hilo lilinakiliwa yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, na ndani yake mna maelezo ya majeruhi 48, yaliyopangwa kuanzia kichwani na kushuka chini. Wa mwisho ni mtu aliyeteguka pingili ya mgongo. Tabibu anaelekezwa amwambie anyooshe miguu yote miwili kisha aikunje. Mgonjwa anainyoosha, na papo hapo anaikunja kwa maumivu. Tabibu atamke kwamba maradhi haya anayaweza. Kisha amlaze mgonjwa chali, amtengenezee... Hapo mnakili aliweka kalamu chini. Sentensi haikumalizika.

Mimi ni mtu wa kufasiri, na nimezoea kukutana na miswada iliyoliwa na mchwa. Lakini sijaona pengo lenye kejeli kuliko hili: dawa ya mgongo imekatika pale pale ilipotaka kutajwa. Historia ya maradhi haya ni historia ya watu waliojaribu kuimaliza sentensi hiyo.

Wagiriki waliitafutia tamati kwa nguvu. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates, mgonjwa mwenye kibyongo hulazwa kifudifudi juu ya benchi la mbao, akafungwa mikanda, akavutwa huku na huku, na tabibu akakandamiza kwa kiganja, au hata akamkalia. Ilikuwepo pia njia ya kumfunga mgonjwa kwenye ngazi na kumtikisa kutoka juu. Mwandishi wenyewe aliionea haya njia hiyo, akasema kuwa waganga wanaoipenda hutaka zaidi kuushangaza umati.

Benchi hilo liliingia katika vitabu vya Waislamu. Yapata mwaka 1000, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia alieleza namna ya kuunyoosha mgongo kwa kuuvuta, na kwa maumivu yanayoshuka kutoka nyongani hadi mguuni alieleza matumizi ya chuma cha moto. Waarabu waliyaita maumivu hayo irq al-nasa, na irq ni mshipa. Nasi katika Kiswahili tuna mshipa mmoja unaobebeshwa mizigo mingi: ndani yake hupita damu, shingoni hujivuta, kinenani huteremka, na daktari akisema neva imebanwa, mgonjwa husikia kuwa ni mshipa uleule. Upungufu huu si wetu peke yetu. Ulaya nako maumivu ya kiungo cha nyonga na ya neva yalichanganywa mpaka mwaka 1764, Domenico Cotugno alipochapisha Naples kitabu cha kuyatenganisha.

Watu wa kawaida hawakuvingoja vitabu hivyo. Kila mahali palikuwa na mikono iliyojua kuchua na kukanda; kwetu visiwani mafuta ya nazi na ya makonyo bado yananukia katika nyumba ya mwenye kuumwa kiuno. Huko Marekani mikono hiyo ilipewa majina na skuli: Andrew Taylor Still alitangaza mafundisho yake mwaka 1874, na Daniel David Palmer alianza yake mwaka 1895. Palmer alidai kwamba takriban maradhi yote hutokana na pingili zilizokaa upande. Dai hilo lilikuwa kubwa kuliko ushahidi wake. Tafiti za baadaye zimeona kuwa mkono huweza kutuliza kwa kiasi. Hazikuona kuwa unaurudisha mfupa uliohama.

Kisha kikaja kisu. Mwaka 1934, William Jason Mixter na Joseph Seaton Barr wa Boston walionyesha kwamba maumivu ya mguu aghalabu hutokana na sehemu ya diski, yaani ule mto ulio kati ya pingili mbili, kuchomoza na kuubana mzizi wa neva, na kwamba sehemu hiyo yaweza kuondolewa kwa upasuaji. Huo ulikuwa ugunduzi wa kweli. Lakini ugunduzi wa kweli nao huweza kuzaa dhana mbovu. Ikaenea kauli kwamba diski "imetoka", kana kwamba ni sahani iliyochomoka kabatini. Diski haitoki hivyo. Imeshikamana na pingili iliyo juu yake na iliyo chini yake, na kinachochomoza ni ute wa ndani kupitia ufa wa ganda lake. Ila mgonjwa aliyekwisha kuambiwa kuwa imetoka hungoja irudishwe, na mwenye kungoja hulala.

Kulala kukawa ndiyo amri: wiki nzima, wiki mbili, pengine zaidi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwamuru mtu alale ikiwa si wewe utakayekosa chakula. Wanawake wa Paje na Jambiani huinama majini katika mashamba ya mwani, na kazi yao hufuata maji. Kumwambia mmoja wao alale wiki mbili ni kumwambia alikose bamvua zima, na pamoja nalo ada ya skuli ya mwanawe.

Dhana hii ilianza kutikisika kwa bahati. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo na mguu alilala kifudifudi juu ya kitanda ambacho upande wake wa kichwani ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Mtaalamu wa viungo, Robin McKenzie, alipomrudia baada ya dakika chache, alimkuta amepinda kinyumenyume, katika mkao uliodhaniwa kuwa wa hatari. Mgonjwa alisema maumivu ya mguu yamekwisha. McKenzie hakumfukuza wala hakutangaza muujiza. Alianza kuuchunguza mwendo wa kila mgonjwa, na kumfunza ajitibu mwenyewe.

Baada ya bahati ukaja upimaji. Mwaka 1983, Henrik Weber wa Oslo alitoa matokeo ya wagonjwa 126 waliogawanywa kwa kura baina ya kisu na tiba nyingine. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya miaka 10 tafauti ilikuwa imetoweka. Mwaka 1986, utafiti wa Texas ulilinganisha siku 2 za kulala na siku 7: waliolala siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi, kwa asilimia 45, na hawakudhurika. Mwaka 1994 walipigwa picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo, na 52 katika kila 100 walionekana kuwa na diski iliyovimba. Mwaka 2007, utafiti wa Uholanzi kwa wagonjwa 283 ulionyesha kuwa kisu cha mapema huharakisha nafuu, lakini baada ya mwaka 95 katika kila 100 walikuwa wamepona katika makundi yote mawili, ingawa 39 katika 100 wa kundi lililosubiri waliishia kupasuliwa. Leo tunajua sababu mojawapo: mara nyingi mwili wenyewe hukila kidogo kidogo kile kipande kilichochomoza.

Vidonge navyo vimepimwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2023 ulikuta kwamba dawa za jamii ya afyuni hazikushinda kidonge kitupu kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo. Mwaka 2024, watafiti wa nchi hiyohiyo waliwafuata watu 701 waliokwisha kupona. Waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, na wenzao siku 112, kwa kipimo cha kati. Shirika la Afya Duniani, ambalo limehesabu wenye maumivu ya kiuno kuwa milioni 619 mwaka 2020, lilitoa mwongozo mwaka 2023 unaotaja mazoezi na elimu kwa maumivu ya muda mrefu, na kuzikataa dawa hizo za afyuni.

Nisieleweke kuwa nakitukana kisu. Mgonjwa akipoteza hisi kati ya mapaja, akashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukazidi kulegea, asikae kuchuliwa wala kusoma insha. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Homa, kukonda bila sababu na kuanguka vibaya navyo vyataka daktari. Wachache ni hao, na kisu chao ni rehema.

Kwa wengi waliobaki, sentensi ya yule mnakili wa Misri imechukua miaka zaidi ya 3,500 kupata maneno yake. Matabibu walidhani lililokosekana ni jina la chombo: kamba, chuma cha moto, mkono, kisu. Kumbe kitenzi kilikuwa cha mgonjwa. Mlaze kidogo, muondolee hofu, kisha mwinue atembee.