Ugonjwa wa Osgood-Schlatter

Ugonjwa wa Osgood-Schlatter ni chanzo kikubwa cha maumivu ya goti kwa wanamichezo chipukizi, hasa wa miaka 10 hadi 15. Madaktari Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi waliueleza mwaka 1903, kila mmoja kivyake.

Chanzo. Msuli wa mbele ya paja, kupitia kano ya goti, huvuta sehemu ya juu ya muundi ambayo bado haijakomaa. Kukimbia, kuruka na kupiga mpira huichokoza, na kinundu chenye maumivu hujitokeza chini ya pia ya goti. Mtoto huumia zaidi anapopiga magoti au kuchuchumaa.

Tiba ya fiziotherapia. Mazoezi ya michezo hupunguzwa kwa kadiri ya maumivu, si lazima yaachwe kabisa. Barafu iliyofungwa kitambaani huwekwa kwa dakika 10 hadi 15. Kisha mtoto hunyoosha misuli ya paja, huinua mguu ulionyooka akiwa amelala chali, na baadaye huchuchumaa kidogo akiegemea ukuta.

Mazingira ya vijijini. Mazoezi haya hayahitaji mashine, hivyo yanafaa hata Chitete, wilayani Momba, Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, kwa wanafunzi wanaojiandaa na mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) au za sekondari (UMISSETA).

Tahadhari. Maumivu mengi huisha mifupa inapokomaa. Hata hivyo, goti likivimba ghafla, likikwama, au likiambatana na homa, mtoto apelekwe hospitali mara moja.